Betri ikifa inaenda wapi?

Mwaka jana mwezi wa nane nilirudi nyumbani Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, kwa msiba wa shangazi, siku ya tatu baada ya kuzika watu wakawa wameanza kutawanyika nikashuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapopaki, kumsalimia baba mdogo, maana yeye hata kuwe na msiba lazima asubuhi akaiangalie mitumbwi yake. Kwenye mitumbwi hakuwepo. Nikamkuta nyuma ya banda la nyavu amekalia ndoo, mbele yake vijana wawili wamechuchumaa, betri ya gari, ile N70, imelazwa ubavu na mmoja ana kishoka anaipasua kama mtu anayepasua boga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, njoo huku kivulini."

Tindikali iliyobaki mle ndani ikamwagika mchangani, ikatoa povu pale ilipokutana na vigamba vya konokono, ikazama. Hatua kama ishirini mbele ni maji ya ziwa, na hapo katikati kina mama wameanika dagaa. Kijana akachomoa zile sahani za ndani, za kijivu, zimeshika tope zito kama udongo wa mfinyanzi, akazigonga kwenye jiwe tope lidondoke, alafu akazitia kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Sahani zile ni za risasi, siyo ya bunduki, ni ile metali nzito ya kijivu, nayo inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, mkaa wa kawaida ukipepewa vizuri unafika huko bila shida, kwahiyo haikuchukua muda zikalegea zikawa kama kioo kinachotembea, akatoa takataka za juu kwa kijiko kisha akamimina kwenye vijifereji alivyochora kwa kidole kwenye mchanga mkavu. Vikipoa wanavikata vipande vipande na kuvikunja kwenye kamba ya chini ya wavu ili wavu uzame.

Pembeni alikuwepo mjukuu wa baba mdogo, hajafika hata miaka miwili, na mkononi ana kimoja cha vile vipande vya jana yake. Kikaenda mdomoni. Nikaruka nikakitoa, mtoto akalia, baba mdogo akanishangaa kweli kweli.

"Si kichafu hicho, tumekiosha."

Sikumjibu vizuri siku ile, nilichanganyikiwa, na tangu hapo hii kitu haijatoka kichwani. Ndio maana naandika.

Kwanza niseme nilikotoka ili mtu asinielewe vibaya. Mimi nimekulia kwenye kibatari. Kopo la maziwa, utambi wa kitambaa cha shati, mafuta ya taa, tunakizunguka watoto watano kila mtu na daftari lake na asubuhi ukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Mama alikuwa anatuambia tusisogeze nywele karibu, na bado dada yangu ana alama shingoni mpaka leo. Ziwani nako ilikuwa karabai. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama mlimani ulikuwa unaona ziwa lote limewaka kama mji, kumbe ni karabai zinaelea kwenye vichanja vyake, dagaa wanavutwa na mwanga wanajikusanya chini yake ndipo wavu unapita. Karabai moja ilikuwa inakunywa lita na kitu kwa usiku mmoja, na mtumbwi una karabai nne au tano. Piga hesabu mwenyewe. Kuna wiki baba mdogo alikuwa anavua kulipia mafuta tu, samaki wote wanaishia kwa muuza mafuta.

Alafu 2011 bajeti ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yakaribiane na dizeli. Sababu ilikuwa uchakachuaji, wafanyabiashara walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli maana ya taa yalikuwa bei chee, serikali ikaona dawa ni kuziba ile tofauti. Sawa, nia ilieleweka, ila aliyeumia ni yule wa kibatari na yule wa karabai. Nakumbuka baba mdogo alivyokaa kimya siku ile, na ni mtu anayeongea sana.

Kwahiyo taa za LED na sola zilipofika mwaloni zilifika kama mvua baada ya kiangazi. Na hapa naomba nisimame kidogo maana historia yake ni tamu. LED nyekundu na kijani zilikuwepo siku nyingi, zile za kwenye redio, lakini mwanga mweupe huwezi kuupata bila kuwa na bluu, na bluu iliwashinda watu miaka na miaka. Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, ndio waliopambana na ile kemikali ya galiamu naitraidi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 bluu ikawaka vizuri, na 2014 wakapewa Nobeli ya fizikia. Mtu anaweza kuona ni mambo ya maabara huko mbali. Mimi nikiangalia ziwa usiku naona kazi yao pale. Taa ya wati chache inamulika kuliko kibatari mara nyingi sana, haina moshi, haina mafuta ya kumwagika majini, upepo hauizimi. Baba mdogo alibadilisha karabai zote ndani ya misimu miwili. Akajenga nyumba ya bati. Hayo nimeyaona kwa macho yangu na hakuna atakayeniambia sola ni mbaya.

Ila taa inahitaji betri. Na betri waliyoipata watu wa mwaloni ni ile ya risasi na tindikali, ile ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Yaani taa ni ya juzi, sola ni ya juzi, simu unayolipia ni ya juzi, lakini katikati pale kinachobeba usiku mzima ni kitu cha kizazi cha mababu wa mababu zetu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ile ni risasi. Na wengi wananunua ya gari, N50, N70, N100, kwasababu ndiyo inapatikana Nansio, mjini kwetu, na ndiyo bei wanayoiweza. Sasa betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, iwashe injini, basi, kisha gari lenyewe liijaze tena. Ukiichukua ukainyonya usiku kucha mpaka chini, kila siku, zile sahani zinaota magamba ya salfeti magumu ambayo chaji haiyaondoi tena. Inadumu mwaka, ikijitahidi miwili. Ndio maana kila nyumba mwaloni ukiangalia chini ya kitanda au nyuma ya choo kuna maiti ya betri, na baba mdogo peke yake siku ile nilihesabu saba.

Nilimuuliza kwanini asiziuze. Akasema wanunua skrepa wanapita, wanapima kwa kilo, wanampa hela ya vocha tu, bora atengeneze risasi za nyavu ambazo dukani ni ghali. Ni hesabu sahihi kabisa kwa mtu ambaye hajaambiwa kilichomo ndani. Na nani angemwambia? Kwenye lile plastiki la betri kuna vialama vidogo, tone la tindikali linaunguza mkono, mtoto amepigwa mstari, maandishi ya Kiingereza na Kichina. Hakuna neno moja la Kiswahili.

Kwahiyo nielezee hapa, labda itamfikia mtu wa mwaloni mwingine.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Shida ni kwamba unaifananisha na kalisi, ile ya kwenye maziwa na dagaa, kwahiyo unaipokea na kuipeleka kule kule inakoenda kalisi, kwenye mifupa na kwenye ubongo. Kwenye mifupa inakaa miaka makumi, na mwanamke akibeba mimba mifupa yake ikaanza kutoa kalisi ya kumjenga mtoto, risasi ya zamani inatoka nayo. Mtoto mdogo anafyonza mara nne mpaka tano ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile, alafu mtoto ndio anayetambaa chini, ndio anayetia kila kitu mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango ambacho ni salama. Na haiui kwa haraka mara nyingi, hiyo ndiyo inayonitisha, inachukua akili taratibu, mtoto anakuwa mzito darasani, hatulii, anapigwa na mwalimu kwa uvivu, na kilichoharibika hakirudi. Homa watu wanaikimbiza zahanati. Hii hakuna anayeiona.

Mombasa waliiona. Kule Jomvu, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kuanzia 2007 mpaka 2014. Mama mmoja, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mchanga akaumwa, hospitali wanatibu malaria, wanatibu taifodi, haponi, mpaka walipompima risasi wakaikuta kwenye damu. Kunyonyesha ndiko kulikompitishia. Akaacha kazi akaanza kupigana, akakamatwa, akatishiwa, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, hukumu ikapingwa kwenye rufaa, mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu kama elfu tatu wanaishi pale. Wengine walishazikwa kabla kesi haijafika popote.

Na Dakar, Senegal, kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Pale hapakuwa na kiwanda kabisa. Ni akina mama waliokuwa wanachekecha mchanga uliokuwa umejaa mabaki ya betri zilizopasuliwa miaka mingi, wapate vipande vya risasi wauze. Mchanga. Niliposoma hiyo nikakumbuka povu la tindikali na vigamba vya konokono, nikakaa chini.

Kwetu hakuna aliyepimwa. Si yule mtoto, si vijana wa kishoka, si kina mama wa dagaa. Nimeuliza zahanati, wakaniambia kipimo hicho hawana.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi na hili ni la nyumbani kwa mama. Mama alichukua sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Mnajua zinavyofanya kazi, kuna kadi ya simu mle ndani ya kile kisanduku, unalipa kwa M-Pesa ya siku au ya wiki, taa zinawaka, siku ikiisha bila malipo kinajifunga chenyewe. Kwa kweli ni akili kubwa ile. Mtu asiye na mshahara anapata umeme bila kwenda benki, na isingewezekana kama pesa kwenye simu isingeanza, Kenya 2007 na sisi 2008. Mama alilipa kama miaka mitatu akamaliza, akawa mmiliki, tukasherehekea. Baada ya muda betri ikachoka, taa zinawaka saa moja zinazimika. Tukapiga huduma kwa wateja. Yule binti alikuwa mpole sana, ana jina la mama, ana namba ya kisanduku, anajua mpaka kijiji, akatuambia kuna kifurushi kipya kikubwa zaidi mama anaweza kuanza kulipia.

Nikamuuliza, na hii ya zamani?

Akasema, hiyo ni mali yake sasa.

Nilikaa nikaitafakari hiyo sentensi wiki nzima. Miaka mitatu yote mtu aliyekaa ofisini mjini aliweza kuizima taa ya mama yangu Ukerewe usiku wa manane kwasababu ya shilingi mia tano. Anajua kisanduku kiko wapi, anajua kinachaji kiasi gani, anajua siku kilipoanza kudhoofika. Uwezo wa kukifuata upo wote, ulijengwa kwa ajili ya kudai. Siku kilipokufa ule uwezo ukakatika na kikawa cha mama peke yake, mwanamke wa miaka sitini na nane ambaye amekifunika kwa kitambaa cha kufuma kwasababu anaona vibaya kukitupa, amekilipia mwenyewe.

Cha mama siyo cha risasi, ni lithiamu, na watu wakisikia lithiamu wanapumua, wanaona hapo tumevuka. Kwa upande wa sumu kweli ni nafuu kubwa. Ila na yenyewe ina mwanzo wake na mwisho wake. Shemeji yangu anaendesha semi, anapakia Dar, anapita Tunduma, Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, na kurudi anarudi na shaba au na magunia ya kobalti, madini yanayotiwa kwenye betri nyingi za lithiamu, kwenda bandarini. Kongo ndiko kunakotoka zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Anasema ukiwa Kolwezi Kiswahili unaongea nao bila shida, chao kina Kifaransa ndani, wachimbaji wadogo wanawaita bakreza, na ameona vijana wanatoka mashimoni na magunia kichwani, hawana kofia wala buti. Kuna mtaa unaitwa Kasulo huko Kolwezi, watu waligundua madini yako chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba sebuleni, sakafu ya chumba cha kulala inageuka mdomo wa shimo. Shemeji aliniambia hayo tukiwa tunakula, akiwa anaangalia simu yake, kisha akaigeuza ikalala kifudifudi mezani.

Kobalti sasa inaanza kukwepwa. Betri nyingi mpya za sola na za pikipiki za umeme ni za lithiamu na chuma na fosfeti, hazina kobalti wala nikeli, na hiyo ni habari njema kwa kijana wa Kolwezi mapafu yake, japo sijui kwa tumbo lake. Upande mwingine wa betri ni kinywe, yaani grafiti, kile cheusi cha kwenye penseli, na kinywe sisi tunacho, Mahenge kule Ulanga na Ruangwa mkoa wa Lindi, kwahiyo hili suala siyo la majirani tu.

Sasa fikirieni hili. Betri ya risasi ikifa inatafutwa, hata kama inatafutwa vibaya, kwasababu risasi inauzika. Ya kobalti nayo ina thamani. Lakini hii ya chuma na fosfeti ndani yake hakuna cha bei kubwa, kuichakata ni gharama kuliko unachopata. Mnunua skrepa hataigusa. Kwahiyo zile zilizouzwa kwa maelfu miaka hii, zikianza kufa, zitaenda shimoni, zitaenda chooni, zitaenda ziwani, na zikichomwa pamoja na takataka zinalipuka na kutoa gesi mbaya sana. Tutakuwa tumeondoa sumu moja tukabaki na mlima ambao hakuna mtu mwenye sababu ya kuupunguza. Hili watu wa nishati safi hawalisemi vya kutosha. Wanahesabu nyumba zilizowashwa na nafurahi nao, ila nataka kuona mahali wanapohesabu zilizorudi.

Na tunajua kurudisha, ndicho kinachonishangaza. Nani hakutumwa dukani na chupa tupu utotoni? Huna chupa huuziwi soda, au unaacha hela ya chupa, ukivunja umelipa. Gari la soda likija linashusha kreti zilizojaa na linapakia tupu, gari lile lile, dereva yule yule, mpaka kisiwani huku kwenye barabara mbovu kuliko zote. Miaka yote ya utoto wangu sikuwahi kuona chupa ya soda imetupwa mwaloni, maana mtoto angeiokota dakika hiyo hiyo akaipeleke dukani. Ile hela ndogo ya chupa ilifanya kazi ambayo mabango hayafanyi. Na betri nzima ya N70, yenye kilo za sumu, ambayo bei yake ni zaidi ya kreti kumi za soda, inauzwa bila hela ya chupa. Lori linalozileta linarudi Mwanza tupu.

Kwenye majimbo mengi ya Marekani ukinunua betri ya gari bila kurudisha ya zamani unaongezewa bei, ukirudisha unarejeshewa, na betri za risasi kule karibu zote zinarudi. Kuna njia nyingine naiona bora hata kuliko hiyo. Nilipita Kigali mwaka juzi, pikipiki za umeme zimejaa, na dereva wa bodaboda betri siyo yake. Anaingia kituoni, anachomoa iliyoisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka. Ikichoka kabisa ni shida ya kampuni, kwahiyo kampuni inaitunza, inaipima, inajua iko wapi mpaka siku ya mwisho, na huwezi kuikuta nyuma ya choo cha mtu. Toka Januari 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali zinazosajiliwa ni za umeme tu. Na hii ya kukodi betri hata ziwani ilishajaribiwa, upande wa Kenya kule Mbita, 2008, Osram, kampuni ya taa ya Ujerumani, walifungua kituo kinaitwa Umeme Kwa Wote, mvuvi anachukua taa na betri jioni na kurudisha asubuhi ichajiwe. Mwaloni kwetu tayari kuna vibanda vya kuchajisha, kila jioni vijana wamepanga betri mstari. Kilichobaki ni mwenye kibanda awe ndiye mwenye betri, na aliyemuuzia awe na wajibu wa kuipokea ikifa. Kisheria siyo jambo geni, sisi tuna kanuni za taka hatarishi na za taka za umeme tangu 2021, Kenya wana sheria yao ya 2022 inayombana mzalishaji. Nimezisoma. Ziko vizuri. Hazijafika mwaloni.

Turudi kwa baba mdogo. Jioni ile baada ya chakula nilimwita pembeni, na nilichagua maneno, maana huwezi kumwambia mtu mzima aliyekulipia ada kwamba anawadhuru wajukuu zake. Nikamwambia baba, unakumbuka mafuta ya petroli zamani yalikuwa na risasi? Anakumbuka, aliwahi kuwa tingo. Nikamwambia waliitoa nchi zetu zote mpaka kufika 2006 kwasababu ya ubongo wa watoto, na ile ilikuwa kidogo sana, ilikuwa moshi tu, hii yako ni kilo nzima kwenye sufuria. Akanyamaza. Akauliza, hilo sufuria, maana limewahi kupikiwa makande siku kibanda kilipokosa sufuria. Sikujua niseme nini. Akaamka mwenyewe, akaenda na tochi, nikasikia anachimba nyuma ya banda.

Kesho yake tuliwaambia vijana wachote ule mchanga wa juu pale walipopasulia, wautie kwenye viroba, wafunge mdomo wakiwa wamefunga vitambaa puani, na wasikaushie dagaa karibu na hapo. Najua haitoshi. Risasi za nyavu zilizopo tumeziacha zilivyo maana zimeshakunjwa kwenye kamba, ila mpya amekubali kutumia mawe ya kutoboa kama alivyofanya babu. Betri mbili kati ya zile saba zilikuwa bado nzima hazijapasuka, nikazifunga kwa nailoni wima ili zisimwage, nikapanda nazo meli ya Nansio kwenda Mwanza, na yule wa mizigo alinitoza kama mbuzi wawili.

Mwanza nilizunguka maduka matatu. La kwanza wakanicheka. La pili wakasema niache hapo nje watu wa skrepa watapita. La tatu mzee mmoja akasema anapokea, anapunguza bei ukinunua mpya, na akikusanya lori zinaenda Dar kwenye kiwanda chenye kibali. Nikamuomba nione hicho kibali, akashangaa kidogo, akaingia ndani akatoka na nakala kwenye faili. Nikaisoma yote pale pale kaunta, wateja wananipita. Nikamwachia zile mbili, na namba yangu, na nikamuuliza kama atapokea za watu wengine wa kisiwani hata kama hawanunui mpya siku hiyo. Akasema walete, ila zisiwe zimepasuliwa.

Wiki iliyopita baba mdogo kanipigia. Mwaloni wamechanga hela ya meli, kuna betri kumi na moja zimesimamishwa kwenye stoo ya nyavu, zote nzima, na mwenye kibanda cha kuchajisha anauliza kama yule mzee wa Mwanza anaweza kumuuzia kwa mkopo, yeye awe anawakodisha wavuvi na kuzirudisha mwenyewe. Nikamuuliza mjukuu anaendeleaje. Anakimbia sasa, akasema, jana amemfukuza bata mpaka majini. Ijumaa naenda kuzipokea bandarini.